Masomo Arobaini ya Mwalimu Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Aa-aa. Watoto wameitikia, wakubwa wamenyamaza. Na hadithi ya leo ni ya wakubwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Kaeni mtakavyo. Anayetaka kunyoosha miguu anyooshe, anayechambua mboga achambue. Hapa kwangu hakuna safu ya mbele.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo majani yalikuwa marefu kuliko maneno, palikuwa na bonde likiitwa Majanimengi. Mvua ikinyesha, majani. Mvua ikikoma, majani makavu. Radi ikipiga majani makavu, moto. Kila mwaka moto. Unakuja, vuuuu! Wanyama wanakimbia, anayerudi anarudi, asiyerudi harudi. Mwaka unaofuata tena, vuuuu!

Mwaka mmoja wakachoka. Wakaitana, wakakaa. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Nyati, maana hakuna aliyethubutu kumwambia asiwe.

"Jamani," akasema Nyati, "tatizo letu ni elimu."

"Elimu iko wapi?" wakauliza.

"Hapa haipo," akasema Nyati. "Ingekuwa hapa tungeshaiona. Lazima iko mbali."

Basi wakamwita anayetoka mbali. Wakamwita Korongo.

Korongo alikuwa na miguu mirefu, mdomo mrefu na kumbukumbu ndefu. Kila mwaka alivuka nchi saba, na katika nchi zote saba alikuwa ameuona moto. Ila kuna jambo moja hakuwahi kulisema mbele za watu. Kwake yeye moto ulikuwa karamu. Moto ukiwaka, nzige huruka kuukimbia, na Korongo husimama pembeni kwenye hewa safi, nyap, nyap, nyap, akiwadaka. Hajaungua hata unyoya mmoja. Hivyo ndivyo alivyokuwa bingwa wa moto.

Alipopata wito, kifua kikamjaa. Akajifungia siku nne akitunga masomo. Yakawa masomo arobaini. Akayapanga kichwani, la kwanza mpaka la arobaini, akayapenda kama mtu anavyowapenda wanawe.

Siku ya kwanza akapanda juu ya kichuguu, akasimama kwa mguu mmoja, akagonga mdomo: kata-kata-kata-kata!

"Kaeni safu kwa safu! Wadogo mbele, wakubwa nyuma. Asiseme mtu mpaka aambiwe. Swali ni siku ya sita, saa ya mwisho. Somo la kwanza! Moto ni nini?"

Wanyama wakatazamana. Mbele yake alikaa Bibi Kobe, ambaye gamba lake lilikuwa na kovu jeusi, na juu ya kovu hilo kovu jingine, na juu yake jingine. Bibi Kobe akainua mguu.

"Baba, mimi moto naujua. Umenipitia mara tatu. Kwanza huwa..."

"Bibi, swali ni siku ya sita."

"Si swali, baba. Nakwambia."

"Na kuniambia pia ni siku ya sita," akasema Korongo. "Moto ni joto lenye hasira! Semeni!"

"Moto ni joto lenye hasira," wakasema.

"Moto ni nini?"

"Moto ni joto lenye hasira!"

Bibi Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Korongo akafurahi. Akadhani anatafakari.

Siku ya pili wakasoma aina za majani. Siku ya tatu wakasoma aina za upepo katika nchi saba, sita kati yake wasizozijua na wasizotarajia kwenda. Jua likawaka. Mzee Nyati akagundua kwamba akifumba macho na kutikisa kichwa polepole, mwalimu humsifu. Akafumba, akatikisa, akakoroma kidogo kidogo.

Nyuma kabisa alikaa Mama Ngiri. Mama Ngiri hawezi kukaa bure. Pua yake ikiona udongo, inachimba. Tifu, tifu, tifu.

"Mama Ngiri! Acha kuchimba!" akafoka Korongo. "Hujui leo tunasoma nini?"

"Tunasoma nini, mwalimu?"

"Tunasoma kuchimba! Somo la kumi na saba: Umuhimu wa Kuondoa Majani na Kuchimbua Udongo. Hebu tulia usome!"

Mama Ngiri akatulia. Lakini swali likamwasha kama upupu.

"Mwalimu, samahani. Shimo langu liko upande wa machweo, na wanangu wanne wamo humo. Moto ukitokea upande ule, nianze na nini?"

"Hilo liko kwenye somo la thelathini na mbili."

"La thelathini na mbili ni lini?"

"Ni baada ya la thelathini na moja."

Darasa likacheka. Mama Ngiri hakucheka. Jioni akaenda kwake, na kesho yake hakurudi.

"Watu wazima," akasema Korongo moyoni, "vichwa vyao ni vigumu. Ningepewa watoto!"

Aliyebaki kumfariji alikuwa Kanga. Kanga alikaa safu ya mbele siku zote, shingo imenyooka, jicho halipepesi. Alikuwa na mayai kumi na moja kwenye majani makavu, karibu na shimo la Mama Ngiri. Siku ya nne akanong'ona:

"Mwalimu, naomba ruhusa kidogo tu. Upepo umebadilika, nataka niyasogeze mayai yangu."

"Kanga, mwanafunzi wangu mzuri!" akasema Korongo kwa upole wa kweli. "Kesho ni mtihani. Ukikosa leo utakosa somo la ishirini na tisa, Kulinda Vilivyo Vyako. Yote hayo nawafundisha kwa faida yenu."

Kanga akakaa.

Siku ya tano wakafanya mtihani. Mzee Nyati akapata mia, kwa kutikisa kichwa. Kanga akapata tisini. Bibi Kobe akapata nne. Mama Ngiri, ambaye hakuwapo, akapata sifuri, na Korongo akaitangaza sifuri hiyo mara mbili ili iwe funzo kwa wengine.

Siku ya sita, siku ya maswali, swali la kwanza likaulizwa na radi. Pwaaa! Upande wa machweo.

Vuuuu! Moto huo!

"Msikimbie!" akapiga kelele Korongo. "Kumbukeni masomo!"

Nao wakakumbuka. Wakasimama safu kwa safu. Mzee Nyati, aliyepata mia, akasonga mbele kama kiongozi, akaukabili moto uso kwa uso, akaanza: "Moto ni joto lenye hasira! Sababu za moto ni tisa! Sababu ya kwanza..." Moto haukusubiri ya pili. Ukamshika mkia. "Mamaaa!" Nyati akageuka, safu zote zikageuka, vumbi, tu-tu-tu-tu, kila mtu na njia yake.

Na Korongo? Korongo akaruka juu. Mabawa yalimchukua kabla hajaamua. Huko juu nzige wakaanza kupita, wanono, wamechanganyikiwa, na mdomo wake, uliozoea, ukafunguka wenyewe. Nyap. Nyap. Wa tatu akamkwama kooni, kwa sababu alitazama chini.

Chini alimwona Mama Ngiri. Alikuwa peke yake, mbavu zikipanda na kushuka kwa kuhema, meno yake marefu yamejaa udongo. Siku mbili nzima, wenzake walipokuwa darasani, alikuwa amelizungushia shimo lake ukanda mpana wa udongo mtupu, hauna jani hata moja. Moto ukafika kwenye ukanda ule, ukatafuta cha kula, ukakosa. Ukagawanyika, mmoja huku, mmoja huku, ukapita. Vichwa vinne vidogo vikachungulia shimoni.

Moto ukala nusu ya bonde, ukafia kwenye mawe ya mkondo mkavu.

Korongo akatua kwenye majivu. Akatembea, miguu yake ikawa myeusi. Akamkuta Kanga amesimama mahali palipokuwa na majani.

"Kanga, mwanangu..."

"Mwalimu," akasema Kanga, "nilipata tisini."

"Najua."

"Mayai yalikuwa kumi na moja."

Hakulia wala hakumlaumu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Korongo, aliyejua sababu tisa za moto, hilo hakulijua mpaka siku ile.

Mzee Nyati, mkia umefungwa majani mabichi, akaitisha kikao kumshukuru mgeni. "Mafunzo yamefana," akasema, "isipokuwa moto ulikuja kabla ya muda." Korongo hakukaa kuzisikia shukrani. Akaruka aondoke, aende zake, asirudi Majanimengi mpaka kufa.

Lakini alipopanda juu akaona moshi. Nyuma ya Kilima Nundu, magogo mazee yalikuwa yanafuka taratibu, fuu, fuu. Moto haukufa, ulikuwa umelala tu. Upepo ukigeuka, moto utavuka kilima na kushuka upande wa pili, na kule ndiko kulikokuwa na nusu ya bonde iliyobaki, na majani yake, na kila aliyepona.

Korongo akazunguka hewani mara moja. Akazunguka mara mbili. Kisha akashuka kwa Mama Ngiri.

"Hodi."

"Mwalimu wa sifuri zangu! Karibu."

"Mama Ngiri, moto unarudi. Niambie ulifanyaje."

"Sijui kusema. Najua kuchimba. Shika hapo."

"Mimi?"

"Kwani mdomo huo ni wa kusemea tu?"

Korongo akachimba. Tak! Jiwe. Tak! Mzizi. Kichwa kikamlia ngo-o-o. Watoto wanne wa Ngiri wakakaa kumtazama, wakacheka mpaka wakaanguka. Alifika mchana hajasafisha hata mahali pa kulala panya. Lakini mgongo ulipoanza kumuuma, maswali yakaanza kumjia, na hayakuwa yale ya kichuguuni.

"Mbona ukanda wako ni mpana hivi?"

"Wa mama yangu ulikuwa mwembamba," akasema Mama Ngiri. "Ndiyo maana nimelelewa na shangazi."

Korongo akatazama ardhi. Somo la kumi na saba alilitunga mwenyewe, na leo ndiyo kwanza linamwingia, kwa kupitia shingoni.

"Wafundishe wenzako," akasema.

"Mimi si mwalimu."

"Ni kweli."

"Wewe pia si mwalimu," akasema Mama Ngiri, "lakini wewe tumekuzoea. Nenda kawaite. Ila kile kichuguu kiache kwa mchwa."

Korongo hakugonga mdomo. Akatembea kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Akaanza kwa Bibi Kobe.

"Shikamoo, Bibi."

Kobe akatoa kichwa polepole. "Marahaba. Leo umeona kuwa nina umri?"

"Nimeona, Bibi. Nisamehe. Siku ile ulitaka kuniambia kitu."

"Nilitaka. Nimesahau nilianzia wapi, sasa itabidi nianzie mwanzo."

Akaanzia mwanzo. Mwanzo wa Bibi Kobe ulikuwa kabla ya babu yake Korongo. Ukapita moto wa kwanza, ukapita mume wa kwanza, ukaja ugomvi wa kisima, ukaja moto wa pili. Korongo mdomo ukawa unamwasha. Mara saba alitaka kumsahihisha. Mara saba akaubana mdomo kwa mguu wake mmoja. Ya nane, Bibi Kobe akasema:

"Na ule wa tatu ulishuka Kilima Nundu. Upepo wa kule hugeuka mwezi ukiandama. Haukosi."

Korongo akashtuka. "Mwezi unaandama baada ya siku tatu!"

"Ndiyo. Mimi tangu siku ya kwanza nimeinua mguu."

Kumbe yeye ameona moto ulipolala, na bibi alijua utakuja lini, na wote wawili walikuwa wamekaa darasa moja siku tano!

Alipomaliza nyumba zote, wanyama wakakutana chini ya Kilima Nundu, mahali moto utakaposhukia. Hakuna safu. Korongo akawaambia alichokiona angani, maneno machache, kisha akauliza:

"Nani amewahi kupona motoni? Aliponaje?"

Wakaanza kujipanga safu. Walidhani ni mtihani.

"Sina majibu," akasema Korongo, na ikamuuma kusema hivyo. "Nauliza kwa sababu sijui."

Hapo ndipo vinywa vikafunguka. Huyu alijificha kwenye tope. Yule alikimbilia palipokwisha kuungua, kwa kuwa moto hauli sahani moja mara mbili. Mama Ngiri hakueleza kitu, akainama akachimba, na waliokuwa na kwato na makucha wakainama wakafuata. Aliyekosea alitazama wa jirani, akarekebisha.

"Na mimi?" akauliza Mzee Nyati kwa huzuni. "Mimi sijui kitu ila kula."

Korongo akamtazama. "Mzee, ukoo wako mkila hapa siku mbili, majani yatabaki marefu kiasi gani?"

Nyati akafikiri. Ilikuwa kazi mpya, lakini akaiweza. "Yatabaki kama kipara!" akasema, macho yakamtoka. "Kumbe tangu zamani mimi ni mtaalamu!" Akaita ukoo wake wote, wakala kwa moyo wa utumishi.

Siku ya pili jioni ukanda ukakamilika, toka mawe ya upande huu mpaka mawe ya upande ule. Wanyama wakapongezana. Korongo alipoutazama akajua haujatosha. Kutoka juu alikuwa ameona cheche zikivuka mapana kuliko ule. Maneno yakampanda kooni: Mmekosea! Somo la ishirini na mbili! Akayameza, yalimkwaruza kama samaki mwenye miba.

"Naomba kuuliza," akasema. "Cheche hurushwa na upepo mpaka wapi?"

Kanga, ambaye tangu msiba wake hakuwa amesema neno, akajongea. Akang'oa unyoya wake, pu! Akaurusha juu. Upepo ukauchukua. Ukapanda, ukaelea, ukavuka ukanda wote, ukaenda kutua kwenye majani makavu ng'ambo ya pili, hatua ishirini mbele.

Kanga akasema taratibu, "Hapo ulipotua, ndipo yalipo mayai ya mtu."

Wakaanza upya kuchimba, bila kuambiwa. Waliochoka walichimba, waliolala wakaamka wakachimba. Kanga akapitisha makucha kwenye kila jani lililosahaulika, paruparu, paruparu. Kila walipofika mahali akang'oa unyoya, akapima. Siku ya tatu kifua chake kilikuwa kitupu, na ukanda ulikuwa mpana.

Mwezi ukaandama. Upepo ukageuka. Magogo yakaamka.

Vuuuuuu! Moto ukashuka Kilima Nundu kama deni la... aa, kama nini vile? Kama mkwe mwenye hasira. Safari hii hakuna aliyekariri kitu. Kila mmoja alikuwa mahali alipopachagua, pale anapopajua. Korongo alikuwa juu, kwenye moshi wenyewe, unyoya wa mkia unanuka kuungua, akiita: "Kaskazini, Mama Ngiri, cheche mbili! Kanga, kushoto kwako!" Nzige wakampita machoni. Hakuwaona.

Moto ukafika ukingoni. Ukatafuta kulia, udongo. Ukatafuta kushoto, udongo. Ukarusha cheche, Kanga akazifukia, fukufuku, fukufuku. Ukanguruma, ukapungua, ukakohoa. Ukafa.

Kesho yake ilikuwa sherehe. Mzee Nyati akasimama kuhutubia.

"Ndugu zangu! Mimi, kwa kula kwangu, nimeliokoa bonde hili." Vigelegele. "Mama Ngiri naye alisaidia." Vigelegele. "Bibi Kobe, Kanga, na kila mmoja wenu. Tumefanya wenyewe!"

"Na Korongo?" akauliza Mama Ngiri.

Wanyama wakafikiri. "Korongo alifanya nini hasa?" akasema mmoja. "Alikuwa anauliza-uliza tu." "Eti, hata kuchimba hajui," akasema mwingine.

"Ni haki tuseme ukweli," akasema Nyati. "Mara ya kwanza Korongo alitufundisha siku tano, hatukujua kitu. Mara ya pili hakutufundisha kitu, tukajua yote. Kwa hiyo napendekeza tumwalike kila mwaka, aje asitufundishe."

Ikapita kwa kauli moja.

Korongo alikuwa amesimama nyuma kabisa, kwa miguu yote miwili. Akafungua mdomo awaeleze alichokifanya: hatua kwa hatua, la kwanza mpaka la mwisho, na yalikuwa mengi. Akamwona Kanga anamtazama, kifua kitupu, manyoya machanga yanaanza kuchipua. Kanga akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema, nimeona.

Korongo akafunga mdomo. Kata.

Basi wasikilizaji wangu, wadogo kwa wakubwa, funzo ni hili. Mtu mzima haji kujifunza akiwa mtupu: anakuja na makovu yake, kazi zake na watoto wake shimoni. Hujifunza kinachomuuma leo, kwa mikono yake, kwa makosa yake, na kwa heshima yake. Anayetaka kumfundisha aanze na shikamoo, aulize, asikilize mpaka mwisho, ampe lile moja asilolijua, kisha ampishe afanye. Na asisubiri kushukuriwa.

Hadithi yangu imeishiwa pumzi, naiketisha hapa. Mwenye swali aulize sasa hivi, asingoje siku ya sita.